Eti Mama Alikiri

Ripoti ililetwa kwangu Area D, hapa Dodoma, na mwanafunzi wangu wa zamani, mchana wa Jumamosi, nikiwa nafua. Alishuka kwenye bajaji na begi la kompyuta begani, akanikuta na mapovu mpaka kwenye viwiko, akaniamkia kwa aibu ya mtu anayekuja kuomba. Alitaka nimpitishie Kiingereza kabla haijaenda kwa wafadhili. Nimeshazoea. Ukifundisha Kiingereza chuoni, kazi yako haiishii darasani. Utawasahihishia barua za kuomba kazi na wasifu wao, na wakishapata kazi watakuletea ripoti. Sikatai kamwe, na huyu nisingemkataa kabisa, maana alikuwa miongoni mwa wachache waliosoma nilichowapa bila kusubiri wiki ya mtihani.

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikamwambia akae kivulini, nikachukua kalamu yangu nyekundu.

Shirika alilofanyia kazi lilikuwa linatafuta ardhi ya shamba la mfano, la kuonyeshea wakulima mbegu mpya za mtama na alizeti. Walikuwa wamekwenda Mlali, wilaya ya Kongwa, wakaitisha mkutano wa kijiji na kuwauliza watu ni ardhi gani haitumiki na haina mwenyewe. Kiongozi wa timu alikuwa mtaalamu mmoja mwenye shahada nyingi. Mwanafunzi wangu alikuwa mwandishi wake. Nilipoliona jina la Mlali nilifurahi kijinga, kwa sababu ndiko nilikozaliwa na ndiko mama yangu anakoishi mpaka leo. Nikasema moyoni, angalau leo nasahihisha habari za nyumbani.

Kabla sijasema nilichokikuta, niseme kidogo ninachofundisha, maana ndicho kilichonipandisha hasira mpaka nikasikia masikio yanawaka.

Wanafunzi wanapokuja chuoni wana kitenzi kimoja tu cha kubebea maneno ya watu wengine. Mwandishi huyu anasema, yule anasema, na wa tatu naye anasema, mpaka insha nzima inakuwa kelele za mnadani. Mimi huwafundisha kwamba Kiingereza kina vitenzi vingi vya kazi hiyo, na kila kimoja kina uzito wake. Sianzi na vitabu. Huandika ubaoni kwa Kiswahili: Jirani alisema mumeo ana mke mwingine. Jirani alidai mumeo ana mke mwingine. Jirani alithibitisha. Mumeo alikanusha. Mumeo alikiri. Halafu nawauliza kina dada, ni kwa kipi hapo mtafungasha virago? Darasa zima hupiga kelele, "Alikiri!" na wavulana hucheka mpaka wanagonga meza.

Basi nawaambia, mmeona? Habari ni ileile, mke wa pili ni yuleyule. Aliyebadilika ni wewe unayeandika. Ukiandika "claim" umeshamwambia msomaji kwamba huyu mtu humwamini. Ukiandika "confirm" umempigia muhuri. Na ukiandika "admit" umemweka kizimbani, kwa sababu mtu hakiri ila jambo linalomuumbua. Nimelisema hilo miaka na miaka, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka, bila kujua kwamba siku moja litanirudia na sura ya mama yangu.

Ripoti yenyewe iliandikwa vizuri. Nilirekebisha vitu vidogo vidogo, nikiwa nimetulia kabisa, mpaka nilipofika sehemu ya maoni ya wananchi. Hapo nikaanza kuona mambo. Mtaalamu alithibitisha kwamba eneo halitumiki. Mtaalamu alibaini, mtaalamu alieleza, mtaalamu alionyesha. Wananchi sasa: walidai, walilalamika, wakadai tena. Mzee mmoja alidai kwamba eneo lile lilikuwa la marehemu kaka yake. Halafu ikafuata sentensi ambayo nikifumba macho naiona hadi leo: mjane mmoja mzee alikiri kwamba hajui mipaka ya eneo hilo, ingawa alidai kuwa amelipumzisha.

Nikarudi juu kusoma eneo lenyewe liko wapi. Lipo kati ya shule ya msingi na korongo, upande wa magharibi kuna ukuta wa minyaa.

Shamba hilo nalijua. Nimelipalilia mgongo ukaniuma. Nimekula karanga zake mbichi nikiwa nazichambua, nikachapwa kwa sababu hiyo. Minyaa ile aliipanda baba yangu, ambaye sasa ni marehemu, na huyo mzee anayedai ni baba yangu mdogo. Na mjane mzee aliyekiri ni mama yangu mzazi.

"Huyu mjane," nilimwambia yule binti, "ulimwona kwa macho yako?"

"Ndiyo, madam. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani. Mpole sana."

"Ni mama yangu."

Alitoa simu. Halafu akasema kitu ambacho nilitaka kumrushia beseni kwa ajili yake. Alisema, "Lakini madam, alisema mwenyewe. Ninayo rekodi."

"Iweke," nikamwambia.

Akaiweka kwenye simu. Kwanza kulikuwa na upepo, kukohoa, viti vya shule vikiburuzwa. Kisha sauti ya mwanamume ikiuliza nani anajua mipaka ya eneo lile. Kisha nikamsikia mama. Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani, hutembea nacho taratibu kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Akasema, "Mimi jamani sijui kitu. Mimi ni mtu wa jikoni tu."

Na nyuma yake, kwa mbali, kama ilivyo kawaida, sauti za watu wazima zikaitikia, "Tusaidie hivyo hivyo, mama."

Anayetoka kwetu ameshaelewa. Kwetu mtu mwenye heshima zake hasimami mkutanoni akaanza na anachojua. Huanza kwa kujishusha. Atasema mimi sijui kitu, mimi ni mtoto tu mbele yenu, mimi ni mtu wa jikoni. Waliokaa naye humwitikia, tusaidie hivyo hivyo, na hapo ndipo anapofungua mdomo na kusema. Na kadiri anavyojua sana ndivyo anavyojishusha sana. Nimewaona wazee waliokuwa wakiamua kesi za ng'ombe wakianza kwa kusema hawana akili hata ya kuhesabu kuku. Hakuna mtoto wa Mlali aliyewahi kudanganyika. Tukisikia mtu anasema hajui kitu, tulikuwa tunaacha kucheza tukasogea kusikiliza.

Mama akaendelea. Nilimsikia kwenye rekodi akianza kusema, "Ila lile shamba, kutoka kwenye minyaa..." Sauti ya yule mwanamume ikamkata, nzito, ya haraka, ya mtu mwenye gari linalomsubiri nje: "Asante mama, hujui. Haya, mwingine." Mama akaendelea kidogo chini ya sauti yake, kama mtu anayemalizia sala watu wakishaamka. Alitaja minyaa, akataja korongo, akasema amelipumzisha kwa sababu ardhi imechoka. Kisha akanyamaza.

"Hayo mengine hukuyasikia?" nilimuuliza binti.

"Niliambiwa nichukue hoja kuu, madam."

Nilimfokea. Sitaki kujipamba hapa, nilimfokea mpaka jirani akachungulia. Nilimuuliza hoja kuu ni ipi, mama yangu kuwa na adabu? Macho yakamjaa machozi, akasema, "Wewe ndiye uliyetufundisha tusitumie 'say' kila mahali." Nikamjibu kwamba nilimfundisha kisu kinavyokata, sikumtuma akamkate mama yangu.

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alikulia mbali, huku Dodoma alifuata chuo akapata kazi, na hakuna aliyemwambia kwamba watu wa huku huanza hivyo. Tukakaa pamoja, tukaisikiliza rekodi upya, nikabadilisha kila kitenzi. Mama alieleza. Baba mdogo alieleza. Wananchi walisema. Mtaalamu naye nikamwandikia alisema, wawe sawa. Binti akaondoka jioni amepumua, mimi nikarudi kwenye nguo zangu ambazo zilikuwa zimeanza kunuka kwenye beseni.

Siku chache baadaye simu ikaita. Ni yule mtaalamu mwenyewe. Sauti ilikuwa ileile, nzito na yenye haraka.

"Madam, nikushukuru, lugha umeinyoosha vizuri. Ila vile vitenzi nimevirudisha."

"Kwa nini?"

"Mwananchi hathibitishi, madam. Mwananchi anadai, mtaalamu ndiye anathibitisha. Ndio utaratibu wa uandishi wa kitaalamu. Wewe si ndiye unayefundisha?"

Nilikuwa nimesimama jikoni, mchuzi uko motoni, nikauzima. Nilitaka mikono yote miwili kwa ajili ya mtu huyu.

"Wewe ulithibitishaje kwamba shamba halitumiki?"

"Tuliliona."

"Mlilionea wapi?"

"Tulipita pale."

"Kwa miguu?"

"Madam, usichanganye hisia na taaluma. Nimeambiwa yule ni mama yako, pole. Lakini amesema hajui mipaka. Na sisi tunakwenda kwenye mkutano wa mrejesho, wananchi watasikia, wakiridhia wanaweka sahihi. Ni shirikishi kabisa."

Alilisema neno "shirikishi" kwa kuridhika sana. Nilikata simu bila kuaga, na mimi nimelelewa kuaga hata adui.

Nikaomba ruhusa chuoni, nikaenda Mlali siku moja kabla ya mkutano. Mama nilimkuta uani anapepeta mtama. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mbona sijasema nakuja, angenichinjia kuku. Nikamwambia kuku asubiri. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza kila kitu, kwa Kigogo, maana kwa Kigogo nisingeweza kukwepa. Shamba limeandikwa halina mwenyewe. Mtaalamu amethibitisha. Shemeji yako amedai. Wewe umekiri.

Hapo akausimamisha ungo.

"Nimekiri nini?" akasema. "Nimeiba?"

Kwetu wanaokiri ni watu waliokutwa na mbuzi wa mwenzao. Mama yangu hajawahi kukiri kitu maishani mwake kwa sababu hajawahi kukutwa na kitu. Alikaa anautazama ungo. Kisha, na hili ndilo lililoniuma kuliko maneno ya yule bwana, akasema taratibu, "Labda niliongea vibaya. Kiswahili changu si kizuri."

"Hukuongea vibaya!"

"Usinipigie kelele."

"Samahani mama. Hukuongea vibaya. Uliongea vizuri mbele ya mtu asiyejua kusikiliza."

Nikamwomba jambo moja. Nilimwambia, kesho wakikuuliza, usianze na mimi sijui kitu. Anza moja kwa moja na unachokijua. Sema najua, kisha sema mipaka, kisha kaa.

Akacheka. Alidhani natania. Alipoona sitanii, kicheko kikakatika.

"Nisimame mbele ya shemeji yangu niseme najua?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, mimi hapa niliolewa. Mtu aliyeolewa hasimami katikati ya watu akasema najua, najua, kama polisi. Watasema nani amenilea?"

"Ukisema hujui, mama, shamba linaondoka."

"Hawa watu wote wanajua kwamba najua."

"Wao wanajua. Anayeandika hajui."

Akaushika ungo wake akaendelea kupepeta. Makapi yaliruka yakanijaa kwenye nywele, nikayaacha. Nilikuwa na hasira na yule mtaalamu na binti wa watu, na wafadhili ambao sijawahi kuwaona, na Kiingereza changu chenyewe kilichonilipia nyumba. Na zaidi ya yote nilichukia kwamba mimi, mtoto wake, ndiye ninayemwambia mama aache adabu yake nyumbani.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mbele kulikuwa na mwenyekiti wa kijiji, mtaalamu, na mwanafunzi wangu mwenye kompyuta, ambaye aliniamkia bila kuniangalia usoni. Baba mdogo alikaa dawati la kwanza. Mama alikaa nyuma pamoja na wanawake wenzake, na kitenge chake kilekile cha kijani.

Mtaalamu akaanza kutoa muhtasari kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipogundua ujanja wake. Kwa Kiswahili alikuwa mtamu. "Wananchi mlituambia mambo mazuri sana. Kuna mzee alitueleza historia. Kuna mama mmoja alisema hana uhakika sana na mipaka, basi, tukaona ni jambo la kawaida." Watu wakaitikia kwa vichwa. Kitenzi kibaya hata kimoja hakikutoka mdomoni mwake. Vyote viliachwa kwenye Kiingereza, kwenye karatasi, mahali ambapo wananchi wale wasingeweza kuvifikia. Na karatasi ya sahihi ilikuwa tayari imewekwa mezani na kalamu juu yake.

Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi ni mtoto wa hapa. Naomba niisome hiyo ripoti kama ilivyoandikwa."

Mtaalamu akasema muda hautoshi. Mwenyekiti, ambaye alisoma na mimi kwenye shule hiyohiyo, akasema muda upo, watu hawana safari. Binti akanipa kompyuta mwenyewe, kwa mikono miwili. Nikamshukuru kwa hilo na nitaendelea kumshukuru.

Nikasoma kwa Kiswahili, polepole, kitenzi kwa kitenzi. Mtaalamu alithibitisha kwamba eneo halitumiki. Mzee mmoja alidai eneo ni la marehemu kaka yake. Baba mdogo akageuka.

"Nilidai?" akasema. "Mimi nadai kwa nani? Nilimwambia."

Nikaendelea. Mjane mmoja mzee alikiri kwamba hajui mipaka.

Darasa likalipuka. Wanawake ndio walioanza. "Alikiri? Alikiri kosa gani?" Mmoja aliyekaa karibu na mama akasimama na mtoto mgongoni, akamnyooshea mtaalamu kidole, "Huyu mama amekiri nini kwako wewe?" Mwingine akasema kumbe tulipokuwa tunaongea walikuwa wanatuandikia kesi. Mzee mmoja aliuliza kama polisi wanajua. Nilikaa nikawaacha. Sitasema uongo, niliona raha, raha ya kweli, kumwona yule bwana anageuza shingo huku na huku anatafuta pa kuegemea.

Lakini hakuwa mjinga. Akanyoosha mikono, akasubiri watulie, kisha akasema kwa upole, "Jamani, tusigombane kwa neno. Mama mwenyewe yupo. Tumuulize. Mama, unajua mipaka ya lile eneo, au hujui?"

Watu wote wakageuka nyuma. Mama akasimama taratibu, akashika ukingo wa dawati. Nilimwona akivuta pumzi, na midomo yake ikajiweka tayari kwa maneno yale aliyoyasema maisha yake yote. Na darasa nalo likajiweka tayari kumwitikia. Nililiona, vifua vya watu vilikuwa vimeshapanda, wanangoja tu amalize wamwambie tusaidie hivyo hivyo.

Akanitazama. Kisha akasema, "Najua."

Hakuna aliyeitikia. Hakukuwa na cha kuitikia.

"Najua," akasema tena, sauti ikiwa juu kidogo, na Kiswahili chake hakikuyumba. "Shamba ni langu. Linaanza kwenye minyaa, mume wangu ameipanda, na huyu shemeji yangu amebeba miche yake kichwani, anajua, muulizeni. Linashuka mpaka kwenye korongo. Juu linagusa uwanja wa shule. Sijalima kwa sababu ardhi imechoka, na mimi ndiye niliyeilima ikachoka. Mvua ijayo nalima. Najua."

Akakaa.

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Alisema tu, "Ni kweli, miche nilibeba mimi." Mwenyekiti akasema shamba lina mwenyewe, wageni watafute mahali pengine, na karatasi ya sahihi ikarudishwa kwenye bahasha bila sahihi. Mtaalamu alishukuru kwa mchango mzuri. Binti alikuwa anaandika, na tulipotoka nje alinionyesha. Alikuwa ameandika kwamba mwenye shamba alitamka wazi. Kitenzi kizuri kabisa. Ningekuwa natoa alama ningempa zote.

Nilitegemea tutarudi nyumbani tunacheka. Mama alitangulia mbele, kimya, kwa mwendo wa haraka usiokuwa wake. Tulipofika kwa baba mdogo, ambapo hatupiti hata siku moja bila kusimama, akapita. Nikamwita, akasema ana kazi. Nyumbani akavua kitenge, akakikunja, akaketi.

"Umefanya vizuri mama," nikasema.

"Shamba limebaki," akajibu. "Mimi nimeongea kama mtu asiye na wazazi."

Nikamwambia watu wameelewa, kila mtu ameelewa sababu. Akanijibu, "Uliwasikia wakiniitikia?"



Watu hawakumchukia, nisije nikaeleweka vibaya. Walimtania tu, kwa mapenzi, kama wanavyotania kila mtu. Baba mdogo akikutana naye njiani alimwambia, "Mwenye kujua, za asubuhi?" Wanawake kwenye kwaya wakimwona anakuja walisema, haya mwalimu amefika. Zamani angejibu utani kwa utani wenye pilipili zaidi. Sasa alitabasamu na kupita. Mdogo wangu anayeishi naye alinipigia kunieleza kwamba kwenye kikao cha msiba wa jirani, mama ambaye ndiye huulizwa taratibu zote, aliulizwa akatikisa kichwa. Walimsubiri aseme hajui kitu ili waendelee. Hakusema hata hilo.

Nilipigiwa simu na yule mtaalamu mara moja zaidi. Alitaka kuniarifu kwamba ripoti imepokelewa vizuri na kwamba wafadhili wamesifia jinsi sauti za wanawake zilivyosikika. Alisema hivyo, zilivyosikika. Nilimwambia asinipigie tena, na safari hii niliaga, ili ajue kwamba nimeamua kwa akili timamu.

Bado nafundisha vitenzi vile. Bado naandika habari za jirani na mke wa pili, na darasa bado linacheka. Ila nimeongeza kazi moja: kila mwanafunzi aende kwao, amsikilize mtu mzima mmoja akizungumza mpaka amalize, kisha aje aniambie kwa watu wao mtu anayejua huanzaje kusema. Wananung'unika kwamba hiyo si Kiingereza. Nawaambia watoke darasani kwangu basi, na huwa simaanishi mzaha.

Mvua zilipokaribia nilikwenda Mlali kumsaidia mama kuandaa lile shamba. Tulikuwa jikoni asubuhi, anachochea uji, mimi nimekaa mlangoni na mkoba wangu wa kazi miguuni. Nikamuuliza swali la kawaida, kama nilivyomuuliza tangu utotoni. Nilimuuliza mwaka huu tupande karanga au mtama, ardhi anaionaje.

Hakujibu. Nikadhani hajasikia. Nilipogeuka nikamkuta amesimama na mwiko mkononi, anautazama mkoba wangu.

"Unaandika?" akaniuliza.

Mama yangu mzazi, jikoni kwake.

"Hapana mama," nikasema. "Siandiki."

Akaendelea kuutazama. Nikausukuma nje kwa mguu, ukaanguka kwenye vumbi, nikafunga mlango wa jiko. Ndipo akarudisha mwiko kwenye sufuria, akachochea kidogo, akasema kwa sauti ndogo, ya majaribio, "Mimi mwanangu sijui kitu."

"Tusaidie hivyo hivyo, mama," nikamwitikia.

Akanieleza mpaka uji ukaungua. Aliyonieleza siyaandiki hapa.